RCD inakata kwa kitufe chake lakini haikati kwa testa: tizama ethi kwanza

Wa aleykum salaam ndugu. Umeuliza kwa nini testa ya kuchomeka kwenye soketi inawasha taa zake sawasawa, lakini ukibonyeza kitufe chake RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) haikati, na ukibonyeza kitufe cha RCD yenyewe inakata papo hapo. Usinunue RCD mpya bado.

Vitufe hivyo havipimi kitu kimoja. Cha RCD kinapitisha mkondo mdogo ndani ya kifaa, kutoka waya wa moto kwenda nyutro, kwa hiyo kinakata hata nyumba isiyo na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Testa inautupa mkondo kwenye ethi. Kwa volti 230, ili zipite miliampia 30, ndani mna ukinzani wa omu 7,700 hivi. Ethi yako ikiongeza omu 10,000, zinabaki miliampia 13 tu, na RCD ya 30 haitakiwi kukata chini ya 15. Imefanya kazi yake! Taa nazo huridhika na mkondo mdogo mno, ndiyo maana zinawaka hata kwa ethi mbovu. Wala hazitambui nyutro na ethi zikibadilishana.

Hatari iko hapa: waya wa ethi ukiwa umekatika, kushikilia kitufe cha testa ni kupeleka umeme kwenye bodi ya friji, pampu na kila chuma kilichofungwa kwenye waya huo. Chomoa vyote. Hita ya maji iliyofungwa ukutani hata ukiizima bado imeshikana na ethi, basi anayeoga atoke kwanza. Vaa viatu, simama pakavu, bonyeza sekunde mbili, achia. Isipokata, usirudierudie.

Ikifeli soketi moja tu, zima mein swichi, hakikisha umeme umekatika kweli, fungua soketi hiyo; mara nyingi waya wa ethi umelegea au haukufungwa kabisa. Zikifeli zote, nenda kwenye ethi rodi, kile chuma kilichozamishwa ardhini. Kwa hewa yetu ya chumvi hapa Zanzibar klempu huota kutu ya kijani. Kule maweni, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, rodi haishuki, na fundi mvivu huikata akafukia kipande. Udongo ukikauka kiangazi ukinzani hupanda, ndipo soketi iliyofaulu wakati wa masika inapofeli. Kwa hesabu, RCD ya miliampia 30 inavumilia omu 1,667, lakini lenga chini ya 200, na hiyo hupimwa kwa mashine ya ethi, si multimita.

Umeme wa ZECO, shirika letu la umeme, ukiwa umekatika na unatumia jenereta ndogo, usipime. Nyingi nyutro yake haikufungwa ardhini, mkondo hauna njia ya kurudi, testa itakudanganya.

Ethi ikiwa nzuri na bado haikati, hapo ndipo ishuku RCD, au soketi hiyo haipiti kwenye RCD. Kipimo kamili ni cha mashine inayosoma muda: kwa miliampia 15 isikate, kwa 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa 150 ndani ya 40.

Na testa za Marekani wanazoletewa watu na jamaa zao, usizichomeke kwa adapta. Zimetengenezwa kwa volti 120 na vifaa vinavyokata kwenye miliampia 5 hivi. Kwenye 230 zinaweza kuungua mkononi.