Mwanangu, kuhusu huyo mtu wa daftari

Assalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilipanda darini nao, mdogo wako asisikie. Umesema kodi ya miezi miwili imekukalia shingoni, wageni hapo Malindi wamepotea tangu masika, na tuktuk ikirudi jioni imeleta hesabu ya mwenyewe na petroli, basi. Ukaniuliza: uchukue ule mkopo wa elfu 10 wa mtu wa daftari anayepita mlango kwa mlango Maweni?

Sikusomei aya za riba. Ulizisoma chuoni, na fimbo zake ulizila. Nakupigia hesabu tu, kwa kuwa mimi wakati wangu sikuipiga.

Anakuandikia 10,000, anakata 500 ya fomu, mkononi unapata 9,500. Kila Alhamisi unampa 1,600, wiki 8. Jumla 12,800. Wewe umeona ni nyongeza ya elfu tatu na kitu, ukasema inavumilika. Sasa simama kwenye wiki ya nne. Umesharudisha 6,400. Katika pesa yake umebakiwa na 3,100, naye bado anakudai 6,400. Kila wiki pesa yake inapungua kwako, lakini malipo hayapungui hata ndururu. Ile Hazina ya Hasla ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka: kwa kiwango hicho, elfu 10 kwa mwaka mzima ni shilingi 800. Hiyo nayo ni riba, najua, na anayeanza hupewa vijisenti. Nakutajia upate kipimo tu.

Unasema huyu ni mpole, haulizi maswali. Asiulize, kwani ameshapaona unapolala.

Ulipokuwa darasa la tano, kusi ilivuma vibaya, babako akakaa nchi kavu wiki nyingi. Nikakopa kwa mtu wa hapa hapa Lamu, mtaani kwetu Langoni. Ameshatangulia mbele ya haki, simtaji. Alikuwa akija baada ya alasiri, anaketi kwenye daka letu kama mgeni, anaulizia afya ya bibi yako. Hakuwahi kupaza sauti. Wiki niliyokosa pesa nikafunga mlango, na mlango uliofungwa mchana mtaani kwetu ni habari. Wiki iliyofuata nikakuweka wewe pale dakani umwambie mama amekwenda Matondoni kufuata ukili. Ukamjibu vizuri mno, macho makavu, hata jina la mwenye ukili ukamtungia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na unga mikononi. Deni lenyewe halikuniliza kama ulivyoniliza wewe siku ile.

Mwisho nikaupeleka mkufu wangu wa harusi kwa sonara, nikamlipa yote kwa mpigo. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Mkufu ule ulikuwa sandukuni tangu siku ya kwanza. Nililipa riba miezi mitatu ili nisiuuze, kisha nikauuza.

Basi jiulize: ukikwama wiki ya tano, utafanya nini? Nakujua. Utamwendea mwenye nyumba, uinamishe kichwa, uombe muda. Mwendee leo, kabla hujawa na madeni mawili. Nenda asubuhi, na nusu ya mwezi mmoja mkononi, umwambie nyingine utaileta lini. Mwenye nyumba wa Malindi anajua masika ni nini. Nyumba tupu miezi hii haimletei mpangaji mbio. Akikataa, mkeo na mtoto waje Lamu mpaka wageni warudi, nawe ujibane chumba kimoja na wenzako wa stendi. Najua hulitaki hilo. Mimi pia sikutaka kwenda kwa sonara.

Na zile pesa za kukopa kwenye simu usizikimbilie ukidhani ni afadhali. Ni kweli tangu Machi 2022 ziko kanuni: wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu, wasikutishe, wasiwapigie watu walio kwenye simu yako. Lakini deni ni lile lile, na hilo linakufuata mpaka mfukoni.

Liko jambo jingine. Umenitajia siku ya huyo mtu wa daftari, umenitajia fomu, tena ukasema ukichelewa anaongeza 200. Mtu ambaye hajakopa hajui habari ya hiyo 200. Kama umeshachukua, niambie. Kipige picha kile kijikaratasi chako cha malipo unitumie, nijue umefika wiki ya ngapi. Babako simwambii mpaka uniruhusu.

Nimepata 3,000 za mchezo wetu wa kina mama, zamu yangu imeangukia mwezi huu. Nitumie namba ya mwenye nyumba nimpelekee mwenyewe, zisipite kwako. Usinune.

Mkeo msalimie, mtoto mbusu. Kikohozi chake kimekwisha?

Mamako