Daktari, kweli paka wangu akatwe masikio?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina paka dume mweupe pee anaitwa Pamba, ana miaka 10. Tunaishi Kijitonyama. Tangu mwaka jana alikuwa na kigaga kwenye ncha ya sikio la kushoto. Kinabanduka, kinatoa damu, kinakauka, kinarudi. Tulidhani anapigana na mapaka ya mtaani, baadaye tukampaka dawa ya fangasi. Mwezi uliopita sikio likaanza kuliwa pembeni, na la kulia nalo likaota kigaga. Daktari wa mifugo alikata kinyama kikaenda maabara, majibu yakaja kwamba ni saratani, kasinoma ya skwamasi. Anashauri masikio yote mawili yakatwe. Nimelia siku mbili. Je, atasikia tena? Hakuna mionzi, au dawa ya kupaka? Dada yangu ana krimu ya ngozi aliyopewa hospitali, anasema nijaribu. Je, ugonjwa huu unaambukiza? Mwanangu wa miaka 7 analala naye. Na nikiamua asikatwe, nimtunzeje? Najilaumu sana, maana kibarazani kwenye jua ndipo nilipomzoesha kulala.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nitajibu yote, ila naanza na krimu ya dada yako, kwa sababu hiyo inaweza kumuua Pamba wiki hii, saratani yake haiwezi. Soma maandishi madogo kwenye tyubu. Miongoni mwa krimu wanazopewa watu walioharibiwa ngozi na jua zipo zenye fluorourasili. Kwa binadamu ni dawa nzuri. Kwa paka ni sumu: huanza kuyumba, akashikwa na degedege, akafa, na haihitaji kiasi kikubwa, kwa sababu paka kila unachompaka anakilamba. Usimpake hata tone, na kama dada yako anaitumia, anawe mikono vizuri kabla ya kumshika Pamba.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kasinoma ya skwamasi huanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Kwa paka weupe hupenda sehemu tatu: ncha za masikio, pua na kope. Ndipo manyoya yalipo machache, na ngozi yao haina rangi ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi. Paka mweupe yuko kwenye hatari karibu mara 13 kuliko paka wa rangi nyingine. Halafu sisi tuko Dar es Salaam, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, ambako jua la mchana hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Ni jua lile lile linalowaumiza ndugu zetu wenye ualbino, na kwa sababu ile ile.

Huanza taratibu mno. Ncha ya sikio inakuwa nyekundu, manyoya yanapungua, ngozi inachubuka kama ya mtu aliyeungua, kisha kigaga, kisha kidonda kisichofunga, mwisho sikio linaliwa. Kutoka wekundu mpaka kidonda inaweza kuchukua miezi, hata miaka. Kwa hiyo kufikiri ni makucha ya paka mwenzake halikuwa kosa la ajabu. Hata sisi madaktari, kwa macho tu, tunaweza kudhani ni fangasi au upele. Kinachoamua ni kile kinyama kilichokwenda maabara, na daktari wako alifanya vizuri kukikata kabla ya kuendelea kuandika dawa.

Na hapa nataka unisikilize vizuri, maana neno saratani limekuziba masikio. Aina hii, ikianzia sikioni, hula palepale ilipo kwa muda mrefu kabla ya kusafiri kwenda kwenye tezi za chini ya taya na mapafuni. Ugonjwa wenye jina hilihili ukianzia chini ya ulimi wa paka, wengi hawafikishi miezi mitatu, hata tukihangaika vipi, na barua ile ningekuandikia tofauti. Lakini sikio ni kiungo tunachoweza kukiondoa chote, pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka, na paka akabaki paka. Wakikatwa mapema, kabla kidonda hakijafika kwenye shina la sikio, wengi hukaa mwaka, mwaka na nusu na zaidi bila saratani kurudi, na wapo ambao hairudi kabisa.

Atasikia. Kinachokatwa ni ule upande wa nje tu, unaokusanya sauti kama kiganja unachoweka nyuma ya sikio mtu akiongea kwa mbali. Ngoma ya sikio iko ndani, mwisho wa tundu, na kisu hakifiki huko. Siku za kwanza utamwona ukimwita anageuka upande usio sahihi, kisha anazoea. Kitu kitakachobaki ni kwamba tundu litakuwa wazi zaidi kwa maji na vumbi, kwa hiyo asimwagiwe maji kichwani, na kila wiki umchungulie.

Kabla ya siku yenyewe, zungumza na daktari wako. Muulize kama amezipapasa tezi za chini ya taya na shingoni, na kama kuna iliyovimba achomwe sindano ndogo itazamwe. Omba picha ya eksirei ya kifua. Kwa umri wa miaka 10 sikubali paka apewe nusukaputi bila damu yake kupimwa, hasa figo. Masikio yote mawili yakatwe siku moja, nusukaputi moja, ni nafuu kwa mwili wake na kwa mfuko wako. Na masikio yaliyokatwa yasitupwe: yaingie kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, yarudi maabara, watazame kama ukingo ni safi au kuna seli zilizobaki. Watu wengi huona hilo ni gharama ya bure baada ya kazi kwisha. Si ya bure, ndiyo itakayokuambia ulale au ubaki macho. Ukitaka maoni ya pili, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wana hospitali ya wanyama ya kufundishia. Gharama zote omba uandikiwe mapema, kila kitu na bei yake: vipimo, nusukaputi, upasuaji, dawa za nyumbani, maabara ya pili.

Usiku wa kwanza ndio mgumu kwa mwenye paka kuliko kwa paka. Atakuja na macho yamepanuka, anayumba, kichwa kidogo na cha duara kama mtoto aliyenyolewa jana. Usimweke kitandani, ataanguka. Mtandikie kanga sakafuni kwenye chumba chenye mwanga hafifu, na uwe karibu. Atavishwa kola ya kuzuia makucha yasifike kwenye nyuzi. Atakuchukia kwa ajili ya hiyo kola. Usimvue kwa huruma. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14.

Adui mkubwa wa jeraha hilo kwenye mji wetu ni inzi. Akitua na kutaga, ndani ya siku moja mayai yanaweza kuanguliwa, na funza kwenye jeraha la kichwa ni jambo ambalo sitaki ulione. Mfunike kwa chandarua cha mtoto, kile cha mwavuli kinachokunjwa, kinatosha kabisa juu ya tandiko lake. Usipake spiriti, majivu, wala mafuta ya taa. Utamsafisha kwa kile tu utakachopewa.

Akisusa chakula, pasha moto supu ya vibua isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu huvunja chembe zake za damu), chovya kidole umpake mdomoni. Harufu ya moto ndiyo inayomwamsha. Lakini siku mbili zikipita hajala kitu, piga simu usisubiri ya tatu, kwa sababu paka akikaa na njaa mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba.

Maumivu. Atapewa dawa ya paka, pengine meloksikamu, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Ukiona haitoshi, rudi kwa daktari, usiende duka la dawa. Niliwahi kuletewa paka alfajiri, amefungwa kwenye taulo, aliyepewa nusu kidonge cha parasetamoli jioni yake na mtu aliyempenda sana. Nilipofunua mdomo, ufizi haukuwa wa waridi. Ulikuwa rangi ya tope. Uso umevimba, miguu ya mbele imevimba, anahema kwa tabu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu, na damu inaacha kubeba hewa. Tulihangaika naye mpaka saa tano asubuhi, hakupona. Mwenye paka alinishika mkono akaniuliza mara tatu, “Hata nusu, daktari?” Ndiyo, hata nusu. Na diklofenaki na ibuprofeni ziwe mbali naye vilevile, zinaua figo na kutoboa tumbo.

Kuhusu mionzi: nchi nyingine wanaitumia kwa paka, hasa vidonda vidogo vya juujuu vya puani, na wengine hugandisha kidonda kwa naitrojeni ya maji. Hapa kwetu, hospitali ya saratani ya Ocean Road ni ya binadamu, na katika kazi yangu yote sijawahi kumpeleka paka kwenye mionzi nchini. Wala kwa Pamba isingekuwa chaguo langu la kwanza. Sikio lililokwisha kuliwa pembeni linahitaji kisu. Dripu za saratani nazo hazisaidii sana kwa aina hii. Mtu akikushauri, mwulize jina la dawa. Ikiwa ni sisplatini, kataa: inajaza mapafu ya paka maji na kumuua, hata kwa kipimo cha kawaida.

Mimi ningekata, na ningekata mwezi huu. Lakini pesa ni pesa, na huenda vipimo vikaonyesha figo zimechoka au tezi zimeshavimba. Ukiamua asikatwe, hujamtupa. Ujue tu kinachokuja: kidonda kitapanuka kuelekea kwenye tundu, kitatoa harufu, na akitikisa kichwa damu itaruka mpaka ukutani. Kazi yako itakuwa kumzuia maumivu kwa dawa za daktari, kukausha usaha unapotokea, na kumlinda na inzi usiku na mchana. Chukua kalenda ya ukutani. Kila jioni, kabla hujalala, jiulize kama leo amekula mwenyewe, amejilamba, amekuja mlangoni ulipoingia. Ikiwa ndiyo, weka alama. Ikipita wiki yenye siku tupu nyingi kuliko zenye alama, nipigie mimi au mpigie daktari wako tumlaze usingizi wa mwisho. Iwe asubuhi, akiwa kwenye kanga yake, nawe umemshika. Nimeshuhudia watu wakisubiri mpaka paka mwenyewe aamue, na yeye hulipia kusubiri huko kwa wiki za mateso.

Kujilaumu kwako nimekusoma, mwanangu. Paka hutafuta joto mwenyewe. Ungemfungia kibaraza angepanda ukuta wa jirani. Kilicho mikononi mwako ni kuanzia leo. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni awe ndani. Dirisha la kioo lililofungwa huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi mibaya. La nyavu haliizuii vya kutosha, kwa hiyo kama ana kizingiti chake, weka pazia. Usimpake mafuta ya jua ya binadamu, mengi yana zinki na salisilati ambazo akizilamba zinamdhuru. Ngozi ya pua na kope zake imekula jua lile lile kwa miaka 10, kwa hiyo kila Ijumaa mpeleke kwenye mwanga, mfute pua kwa kitambaa chenye unyevu, utazame. Kigaga chochote kisichoondoka ndani ya wiki mbili kionekane na daktari kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele.

Saratani hii haiambukizi. Si kwa mtoto, si kwa wewe, si kwa paka mwingine. Mtoto aendelee kulala naye mpaka siku ya upasuaji, na baada ya nyuzi kutolewa arudi. Mweleze kabla, usimfanye aamke akute rafiki yake amebadilika. Mwambie masikio ya Pamba yana kidonda kinachokua, daktari atayatoa akiwa amelala fofofo, na akirudi bado atamsikia akimwita. Kwa wiki mbili za mwanzo amkune chini ya kidevu, si kichwani. Paka wengi hupenda hapo zaidi.