Nihamie Malindi au nibaki Lamu na mamangu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchonga milango na masanduku hapa Langoni, Lamu, nina miaka 29, mke na mtoto wa miaka 4, twakaa nyumba ya familia pamoja na mamangu. Sasa kuna mwenzangu ana karakana Malindi ameniita tufanye kazi pamoja, asema oda za vitanda na makabati za nyumba za Wataliano haziishi. Nilienda wiki moja mwezi wa Disemba nikaona kweli pesa ipo. Mke wangu anataka twende manake dadake yuko huko. Mama naye asema nikiondoka nani atamtazama. Wengine wananiambia niruke moja kwa moja Mombasa. Nichague mji upi?
Fundi, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe ni mtu wa Lamu niliyehamia Malindi, kwa hivyo hili lako nalijua kwa mwili wangu.

Umeiona Malindi mwezi wa Disemba. Disemba kila mtu ana pesa, hoteli zimejaa, wenye hizo nyumba wamekuja, tuktuk hata hazisimami. Nami nilihamia mwezi huohuo, nikapanga nyumba, nikawa napika viazi karai na mahamri nawauzia wafanyakazi wa hoteli, wallahi nilidhani nimeula. Ikafika Pasaka wageni wakarudi kwao, mvua ya masika ikaanza, hoteli moja ikafunga na ya pili ikafunga, wale vijana waliokuwa wakinunua viazi wakarudi makwao na wengine wakiwa na madeni yangu daftarini, na mimi nimekaa na karai limejaa mafuta na mwenye nyumba agonga mlango tarehe 5. Siku zile mfereji nao ulikauka, nikawa namsubiri mwenye mkokoteni wa maji toka alfajiri, nahesabu madumu ya lita 20, hili la kupikia, hili la kuoga watoto, na hela ya madumu yenyewe ni ile iliyobaki ya kodi.

Sasa utaniambia Lamu nako upepo wa kusi ukivuma wageni hupungua. Ni kweli. Lakini wewe Lamu hulipi kodi mwanangu, na kazini waenda kwa miguu, mjini magari hakuna wala hutoi nauli. Mwezi mbaya Lamu utakula samaki na wali nyumbani kwenu. Mwezi mbaya Malindi wadaiwa. Hiyo ndo tofauti kubwa, na sioni mtu aliyekutajia.

Halafu kuna jina lako. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi wanaokuja huitazama milango hiyohiyo. Mtu akitaka mlango wenye nakshi atauliza Lamu kwanza. Malindi utakuwa fundi mmoja kati ya mafundi wa makabati, na kabati mtu aulizia bei tu, hakuna atakayetazama patasi yako imepita vipi kwenye mbao za mbambakofi.

Lakini sitaki kukuficha ubaya wa kwetu. Lamu kila kitu chaja kwa boti, saruji, mitungi ya gesi, hata vitunguu, kila mkono unaopitia waongeza bei. Na mtoto akizidiwa usiku ikabidi apelekwe hospitali kubwa, ni boti mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na kutoka hapo zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi. Siku hizi lami ipo alhamdulillahi, zamani mvua ikinyesha basi lakwama matopeni huko Witu mukalala njiani. Mkeo akisema ataka kuwa karibu na dadake, huenda hilo ndilo analoliwaza, muulize vizuri na usimkatize.

Mombasa sahau kwa sasa. Mafundi ni wengi, kodi iko juu, na huna mtu.

Mimi nasema hivi: usihamishe nyumba. Nenda Malindi mwezi wa tano, peke yako na patasi zako, mwezi mmoja au miwili, na ulale hapohapo karakana. Kabla hujaenda mwambie huyo mwenzio akuonyeshe daftari la oda za mwaka jana, Aprili mpaka Juni. Asiposita kulifungua, hiyo ni dalili njema. Akianza maneno mengi, wewe endelea kuchonga Langoni na uzichukue oda za Malindi kwa simu, sanduku lavuka Mokowe na kupanda basi, wenzio wengi wafanya hivyo. Ukiona mwezi wa tano umelipwa na umebakisha, basi mchukue mkeo na mtoto bila wasiwasi.

Na mamako keti naye mwenyewe, umuulize aogopa nini hasa. Wazee wetu husema nani atanitazama na kumbe tatizo ni zile ngazi za nyumba, apanda na ndoo ya maji na magoti yauma na aona haya kukwambia. Ikiwa ni hilo, tengeneza chumba cha chini ukishushe kitanda chake kabla hujaenda popote, kwa fundi kama wewe ni kazi ya siku moja.