Herufi Mbili Zilizoniumbua: Kuitambua Spitfire Kwenye Picha ya Zamani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata picha ya zamani ya Spitfire, ubavuni ina QJ. Ni ya skwadroni gani?" Spitfire ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na skwadroni ni kikosi cha ndege kama hizo. Moyo ulinipiga paa. Herufi hizohizo ndizo zilizoniumbua mbele za watu.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua picha ndogo isiyozidi kiganja. Ndege imeegeshwa kwenye nyasi, fundi ameinamia bawa, QJ inasomeka wazi. Nikafungua orodha ya skwadroni za Uingereza, nikakuta QJ ni ya skwadroni ya 92, ile iliyopigana kutoka uwanja wa ndege wa Biggin Hill, karibu na London, mwaka 1940. Basi, nikaandika makala ndefu ya kujisifu. Kesho yake mkusanyaji mmoja mzee akanijibu hadharani: skwadroni ya 616 nayo ilitumia QJ mwaka huohuo, na nisiandike nisichokijua. Alisema kweli. Lakini yale maneno yananiuma hadi leo, maana mtu anaweza kusahihishwa bila kudhalilishwa.

Nikarudi kwenye picha na lenzi. Karibu na mkia kulikuwa na maandishi madogo niliyoyapuuza: herufi moja na tarakimu nne. Hiyo ndiyo namba ya ndege yenyewe. Herufi za skwadroni hufutwa ndege ikihamishwa, namba hubaki. Nikaifuatilia kwenye rekodi za Spitfire usiku kucha, ikaangukia 616. Nililia, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo ndugu zangu, anzeni na namba. Zile herufi mbili upande mmoja wa duara la alama ya Uingereza ubavuni ni za skwadroni, moja ya upande wa pili ni ya ndege, na zote zinaweza kukudanganya. Vita ilipoanza Septemba 1939 skwadroni zilibadilishiwa herufi, kwa hiyo tafuta kwanza picha ni ya lini. Mwishoni mwa Novemba 1940 ndege za kivita za Uingereza zilianza kupakwa ukanda wa rangi hafifu kuzunguka kiwiliwili karibu na mkia. Yangu haikuwa nao. Ukiuona, jua pia kwamba mara nyingi rangi hiyo ilifunika namba.

Na msiamini weusi wa picha. Filamu nyingi za enzi zile ziliitoa njano ikiwa nyeusi, hivyo mduara wa njano unaozunguka alama ya Uingereza huweza kuonekana kama haupo kabisa. Tuwe na subira jamani. Hawa walikuwa watu, wengine hawakurudi, na kuwapa skwadroni isiyo yao ni kuwadhulumu. Namba kwanza, herufi baadaye!

Jana yule msomaji alinitumia sehemu ya mkia aliyoikuza. X na 4 zinaonekana, tarakimu tatu za mwisho zimezibwa na kivuli. Nimemwomba aiskani upya, kivuli kile kinaweza kufunguka.