Barua kwa mwanangu: anayekataza, afundishe

Mwanangu Deo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Nesi wa kliniki amemshauri mkeo aweke kijiti cha kuzuia mimba, padre wenu amehubiri kwamba ni dhambi, nawe unauliza: mkikiweka, mtakuwa katika dhambi ya mauti na kuzuiwa komunyo? Mtoto ni wa tatu, ana miezi minne, na nyumba ni ya kupanga. Nimeelewa.

Fundisho ulilipata tangu kipaimara, lakini nalirudia kwa sababu wengi wameshika nusu yake. Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae tarehe 25 Julai 1968. Namba 14 inakataa kila kinachofanywa kwa makusudi ya kuzuia uzazi, iwe kabla ya tendo la ndoa, wakati wake au baada yake. Namba 15 inaruhusu dawa ya kutibu ugonjwa hata kama matokeo yake ni kutoshika mimba, mradi kuzuia mimba kusiwe ndilo kusudi. Namba 16 inasema wenye sababu nzito, za kiafya, za kiakili au za hali ya maisha, wanaweza kupanga nafasi kati ya watoto kwa kutumia siku ambazo mke hashiki mimba.

Umesema lengo la kijiti na la njia hii ya asili ni lile lile, sasa tofauti iko wapi? Lengo linaweza kuwa lile lile, tena linaweza kuwa la ubinafsi kwa njia yoyote ile, ndiyo maana waraka unadai sababu nzito hata kwa njia ya asili. Tofauti iko kwenye tendo. Wa njia ya asili anajizuia siku fulani, na siku anayokutana na mkewe hajaondoa kitu. Hilo naliamini kabisa.

Ila kuna swali hukuliuliza, nami naona ndilo lenyewe: ninyi wawili mlifundishwa na nani? Anayekataza, afundishe.

Unaukumbuka ubatizo wa mapacha wa shangazi yako kule Himo, wewe ndiye uliyeshika mishumaa. Tukiwa mezani, mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hawa ni watoto wa kalenda." Watu wakacheka. Shangazi yako akainuka akaenda jikoni, hakurudi mpaka wageni wakaondoka. Miaka yote hii kicheko kile bado kinaniuma, kwa sababu yule mama alitii. Alifanya alivyoambiwa kwenye semina ya wachumba, mchana mmoja, ubaoni: mzunguko ni siku 28, yai linatoka siku ya 14, jihadharini siku mbili kabla na mbili baada. Basi.

Kalenda yenyewe haiko hivyo, hata ile iliyotokana na kazi za Ogino wa Japani na Knaus wa Austria miaka ya 1920. Unaandika mizunguko isiyopungua 6, unatoa 18 kwenye mfupi kuliko yote na 11 kwenye mrefu kuliko yote. Mwenye mizunguko ya siku 26 hadi 31 anajizuia kuanzia siku ya 8 hadi ya 20. Hizo ni siku 13, si tano. Tena mama anayenyonyesha ambaye hajaona hedhi hana mzunguko wa kuhesabu. Shangazi yako alihesabu kuanzia siku damu ya uzazi ilipokatika. Yai la kwanza baada ya kujifungua laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, naye akashika mimba bila kuona damu hata mara moja.

Najibishana na nafsi yangu hapa. Ukweli wa fundisho hautegemei ubora wa mwalimu, najua. Mwaka 1966 wengi wa wajumbe wa tume ya Papa ya kuchunguza uzazi wa mpango walishauri Kanisa lilegeze, na Papa hakuwafuata. Ilikuwa haki yake, nami nashukuru. Lakini kumtwisha mtu mzigo bila kata kichwani, kisha kumcheka shingo ikiuma? Hapana. Anayekataza, afundishe.

Sasa mkeo. Watamwambia kunyonyesha kunatosha. Kunazuia mimba kwa asilimia 98 na zaidi, masharti matatu yakikaa pamoja: hajaona hedhi, mtoto hajafikisha miezi sita, na ananyonya tu bila maji wala uji, nafasi isizidi saa nne mchana na saa sita usiku. Likivunjika moja, yamevunjika yote. Likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo ameshaanza kazi. Weka saa za ofisini, ongeza foleni ya Mbagala, na mtoto anashinda na dada wa kazi. Hata akipewa maziwa yaliyokamuliwa, titi halijanyonywa siku nzima, na kunyonya kwenyewe ndiko kunakozuia yai. Msihesabu kunyonyesha tena.

Kuna njia ya ute, ya madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, iliyoanza kutafitiwa mwaka 1953. Mkeo anazingatia anavyojisikia mlangoni mwa uke anapotembea na anapojifuta chooni: pakavu, pana unyevu, au panateleza. Haingizi kidole. Jioni anakuambia, wewe unaandika. Wiki mbili za kwanza mnaandika tu, hamkutani, kwa sababu shahawa za usiku huchanganya ishara za kesho yake. Hapo mtaijua hali yake ya kawaida, ile isiyobadilika. Ikibaki vile vile mnaweza kukutana usiku, mkiruka siku. Ikibadilika kidogo tu, au ikija damu, mnaacha, mnangoja irudie kawaida na siku tatu zipite. Ute ukiwa wa kuvutika na kuteleza, mbegu zinaweza kuishi humo hadi siku tano. Siku ya mwisho ya utelezi huitwa kilele, na mtaijua kesho yake tu, utelezi ukishatoweka. Hesabuni tatu, kuanzia ya nne mko huru. Kwa anayenyonyesha mwili unaweza kujaribu mara kadhaa kabla yai halijatoka, kwa hiyo kila ute unaporudi mnaanza upya.

Fangasi huharibu usomaji, na kujisafisha ndani kwa sabuni vivyo hivyo. Mambo ya kupima joto la mwili ili kulijua yai yaacheni kwanza. Yanataka usingizi usiokatika kabla ya kupima, na mwenye mtoto mchanga hana, tena malaria moja inavuruga chati nzima.

Sikufichi. Kwenye utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, waliofuata kanuni hizi bila kuruka walioshika mimba ndani ya mwaka ni kama 3 kati ya 100. Ukiwachukua wote, na waliozivunja wamo, ni zaidi ya 20. Wengi kati ya hao walijua siku haifai, wakakutana. Mara ngapi mke ndiye aliyetaka? Mke hawezi kujizuia peke yake, Deo. Ukirudi umechoka, umekasirika, au umekunywa, chati iko ukutani na siku ni ya utelezi, hapo ndipo njia hii inaposimama au kuanguka, na mwenye kuisimamisha ni wewe.

Umeuliza kuhusu dhambi ya mauti. Inataka jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. La kwanza Kanisa limeshalijibu. Mawili yaliyobaki yako ndani yenu, na wa kuyasikia ni muungamishi wenu, si mimi. Jibu langu ninalo, nililiandika hapa nikalikata kwa sababu mama yako amesema si kazi yangu. Ukinibana kwa simu nitalisema.

Mwambieni nesi mnataka wiki chache za kuamua, kijiti hakikimbii. Nunua daftari lenye mistari na kalamu mbili za rangi, muanze kuandika usiku huu huu. Likizo ya Pasaka mje Moshi, mama yako awafundishe. Mje wawili. Ukimtuma mkeo peke yake, hatamfundisha.

Baba yako