Maswali Yenu kwa Fundi: Kompyuta Inawaka na Mavitu Kibao

Fundi habari za kazi. Laptopu yangu ni ya Windows 11, nikishaweka pasiwedi inaganda, mausi inazunguka tu, mara Spotify hiyo imefunguka, mara Teams, mara kidirisha cha kusasisha printa ambayo hata sinayo tena. Nizime zipi niache zipi? Naogopa nitaiharibu. – Mvumilivu

Nzuri dada, pole. Hofu weka pembeni kwanza, maana kuizuia programu isijiwashe yenyewe sio kuifuta, ipo palepale, siku ukiihitaji unaibofya inafunguka kama kawaida, na ukijuta unairudisha kwenye orodha muda huohuo.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, alafu upande wa kushoto tafuta palipoandikwa Startup apps. Wenye Windows 10 kwenu ni kichupo cha juu kinaitwa Startup. Hapo kila programu ina Status yake, Enabled inajiwasha, Disabled imezimwa, na pembeni kuna Startup impact ambayo inakwambia mzigo wake ni High, Medium au Low. Sasa hiyo High inawatisha watu bure. Windows inaipa programu High kama wakati wa kuwaka imetumia prosesa zaidi ya sekunde 1, au imesoma na kuandika kwenye diski zaidi ya MB 3, na jamani MB 3 siku hizi ni nini, picha moja tu ya simu. Karibu kila programu kubwa itaangukia humo. Kwahiyo usizime kwa kufuata High, jiulize hivi: hii isipojiwasha asubuhi, mpaka nitakapoifungua mwenyewe nitakuwa nimekosa nini?

Spotify hukosi kitu, zima. Steam na magemu yote, zima. Vile visasishaji vya printa zima, na kama printa yenyewe haipo basi ondoa programu yake kabisa, inafanya nini humo. Teams inategemea, kama watu wa ofisini wanakupigia humo iache, kama ulijiunga kwa mkutano mmoja mwaka juzi zima. Zinazohusu sauti na tachipedi, mfano zenye jina la Realtek au Synaptics, mi naziacha, ni nyepesi na ukizizima unaweza kushangaa seting'i fulani za spika au vidole vitatu kwenye tachipedi havifanyi kazi. Ile ya Windows Security ukiizima kinachoondoka ni kale kangao kadogo karibu na saa, ulinzi wenyewe unaendelea kwa nyuma, kwahiyo hupati faida yoyote.

OneDrive, ile hifadhi ya mafaili mtandaoni ya Microsoft, ndio ya kufikiria mara mbili. Ukiizima, mafaili yako hayapandi mtandaoni mpaka uifungue mwenyewe, na watu wengi Desktop na Documents zao zimeunganishwa na OneDrive tangu siku walipoweka kompyuta na wala hawajui. Unaizima ili kuokoa sekunde kadhaa, alafu siku laptopu imekufa unaenda kutafuta mafaili kwenye simu unakuta ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma. Kama kazi zako ziko humo iache ijiwashe.

Ukishachagua, klik kulia kwenye jina, Disable, basi. Ukitaka kupima tofauti tumia Restart badala ya Shut down, sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ambapo ukizima kwa Shut down sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili iwahi kuwaka baadaye. Restart ndio inaanza moja kabisa.

Mi nimeshafanya hayo yote fundi, nazima leo kesho zimerudi, nazima tena zinarudi. Hii kompyuta ina jini au? – Mbishi

Haina jini bro, kuna milango mitatu na we umefunga mmoja.

Kwanza programu zenyewe. Nyingi zina seting'i yao ya ndani ya kujiwasha, na zikipata sasisho zinaweza kujiandika upya kwenye orodha. Dawa yake ingia ndani ya programu husika, tafuta pale panaposema ijifungue kompyuta ikiwaka, toa tiki hapo hapo. Spotify inayo, Steam inayo, Discord inayo.

Pili, na hii ndio inawachanganya wengi, Windows yenyewe inaweza kukumbuka ulichoacha wazi ulipozima ikakufungulia tena. Hiyo haionekani kabisa kwenye Task Manager. Nenda Settings, Accounts, Sign-in options, shuka chini utakuta sentensi ndefu inayohusu restartable apps, izime. Tatu ni brauza. Edge ina kitu kinaitwa Startup boost kwenye seting'i zake upande wa System, na Chrome ina ruhusa ya kuendelea kufanya kazi kwa nyuma hata ukiifunga, nayo iko kwenye System. Zima zote uone kama jini litarudi.

Shikamoo fundi. Kwenye ile orodha nimekuta kitu kimeandikwa Program, hivyo tu, hakina ikoni wala jina la kampuni. Ni virusi? – Mwenye Wasiwasi

Marahaba. Mara nyingi sio virusi, ni uchafu tu. Inakuwa hivi, programu inajiandika kwenye rejista ya Windows, yani daftari la mfumo la kutunzia seting'i, kwa kutaja njia ya faili lake, tuseme C:\Program Files\Kitu\kitu.exe. Ona hapo kati ya Program na Files kuna nafasi. Kama njia haikufungwa kwa alama za nukuu na faili lenyewe halipo tena kwasababu programu ulishaiondoa, Windows inasoma inafika kwenye ile nafasi inakwama, inakuonyesha neno Program peke yake. Yani ni mstari uliobaki wa kitu kilichokwisha kuondoka.

Lakini usiniamini tu, hakikisha. Klik kulia juu kwenye vichwa vya safu, pale penye Name na Status, weka tiki kwenye Command line. Itatokea safu mpya yenye njia kamili na utajua mabaki ni ya nani. Cha kukutia wasiwasi ni njia inayoishia kwenye folda la Temp, au jina la faili ambalo ni herufi zimechanganywa ovyo. AppData, lile folda lililofichwa ambamo programu zinaweka vitu vyao, peke yake sio ushahidi, Spotify na Discord wanaishi humohumo.

Ukitaka kufagia kabisa pakua Autoruns, ni ya bure, inatoka Sysinternals ambayo iko chini ya Microsoft tangu 2006. Hii inaonyesha kila kitu kinachojiwasha, sio programu tu, mpaka kazi za ratiba na huduma za mfumo. Mistari ya njano ni ambayo faili lake halipo, ya pinki ni ambayo haina sahihi ya mtengenezaji inayoeleweka. Toa tiki tu, usifute. Kaa nayo hivyo siku kadhaa, ukiona hakuna kilichoharibika ndio ufute.

Nimezima ZOTE na bado inakaa kwenye nembo milele kabla hata sijaona sehemu ya pasiwedi. – Nimechoka

Umezima kitu ambacho kilikuwa hakijaanza. Zile programu zinaamka ukishaingia, kwahiyo kama inachelewa kabla ya pasiwedi zenyewe hazihusiki. Kwenye ukurasa uleule wa Startup apps angalia juu kuna Last BIOS time, yani muda kompyuta iliotumia kujiandaa kabla ya kuiita Windows, ikiwa kubwa basi muda unapotea kabla Windows hata haijaguswa, toa flashi na diski za nje ulizochomeka ujaribu tena. Ikiwa ndogo, shuku diski. Kama bado unatumia ile ya zamani inayozunguka, kuhamia SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kutakusaidia kuliko kuzima chochote.

Na tafadhali, usije ukaenda msconfig, kile kidirisha cha Windows cha kupanga vinavyojiwasha, kwenye Services ukabonyeza Disable all bila kutiki kwanza pa kuficha huduma za Microsoft. Nimeletewa kompyuta za namna hiyo, watu wanalia.

Sisi wa Mac je? – Tofaa

Kwenu ni rahisi. System Settings, General, alafu Login Items, kuanzia macOS Ventura ya 2022 iko hapo. Zinazofunguka ukiingia unazitoa kwa alama ya kutoa, na chini yake kuna orodha ya zinazofanya kazi kwa nyuma, hizo zina swichi. Ukiwa unazima Mac toa tiki kwenye ile sehemu inayouliza kama ifungue tena madirisha yako, la sivyo utafikiri hukufanya kitu.