Ngazi yenye giza: tafuta mwanga kabla ya kununua rangi

Nyumba tunayokaa hapa Jinja ni ghorofa ya zamani, ya zile walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972: duka chini, makazi juu, na ngazi nyembamba inayoanzia mlango wa barabarani. Ukiingia saa nane mchana, jua likiwaka nje, unapapasa ukuta kama uko pangoni. Mama mkwe wangu alikuwa akisimama mlangoni kwanza, kisha anapanda huku akihesabu vidato kwa sauti. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilikosea mwanzoni kwa kukimbilia duka la rangi. Nilinunua rangi ya mafuta, nyeupe ya kung'aa, fundi akaipaka kuanzia sakafuni hadi darini. Palipendeza kwa wiki chache. Mvua za Machi zilipoanza, ukuta ukatoa malengelenge upande wa chini. Ukiyabonyeza, maji yanachuruzika. Kuta nyingi za umri huu hufyonza unyevu kutoka ardhini, na rangi ya mafuta huufungia ndani. Unyevu ukikosa pa kutokea, unaisukuma rangi.

Tukaanza upya, safari hii kwa kutafuta mahali mwanga ulipozibwa. Nakushauri ufanye hivi: zima taa mchana, kaa kwenye kidato cha katikati, utazame juu na pembeni bila haraka. Nilipokaa hivyo ndipo nikagundua kwamba juu ya mlango kuna kioo, kipana sawa na mlango wenyewe, ambacho mtu alikipaka rangi ya kahawia pamoja na fremu yake. Miaka yote hiyo nilidhani ni ubao! Tulikikwangua jioni mbili kwa wembe na maji ya sabuni. Asubuhi iliyofuata jua lilipita kwenye kipande tulichokuwa tumesafisha, likashuka hadi kidato cha nne, vumbi likielea ndani yake. Mwanangu akaenda kuweka kiganja pale.

Kule juu, karibu na dari, tulikuta matundu ya hewa yamezibwa kwa matambara na saruji. Tuliyafungua tukaweka wavu, maana hapa karibu na ziwa mbu hawana huruma. Hewa ikapita, ukuta ukaanza kukauka.

Kwa ukuta wa namna hii mimi sasa natumia chokaa, kwa sababu inaruhusu unyevu kutoka. Kwanza tulibandua rangi ya mafuta yote, kwa kuwa chokaa haishiki juu yake. Kisha unalowesha ukuta, unapaka chokaa nyepesi kama maziwa, unaacha ikauke hadi kesho, unarudia. Sisi tulipaka mara nne. Usikate tamaa siku ya kwanza: ikiwa mbichi haifuniki kitu, weupe unakuja inapokauka. Ila kinga macho, chokaa inaunguza.

Mbao ya kushikia ilikuwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Chini yake tulikuta mvule, mbao ya kahawia ya dhahabu ambayo Busoga, eneo letu hili, inaijua vizuri. Hapa nakuomba uwe makini: rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, piga msasa ukiwa na maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali, na takataka zake zifungwe vizuri zikatupwe. Usiichome rangi hiyo kwa moto.

Nilidhani tumemaliza. Mama mkwe akapanda, akasimama katikati, akasema, "Mwanangu, ukuta nauona. Nioneshe kidato kinaishia wapi." Alikuwa na haki. Vidato vyote vilikuwa vya saruji nyekundu, na kwa macho ya mzee vinaungana kuwa kitu kimoja. Tukapaka mstari mweupe, upana wa vidole viwili, kwenye ukingo wa kila kidato, tukachanganya mchanga laini kwenye rangi ili usiteleze. Kazi ya nusu siku, na kwangu ndiyo iliyofaa kuliko zote.

Usiku tunatumia balbu mbili ndogo za LED, moja chini na moja juu, badala ya moja kali katikati, ambayo ilimfanya mtu akanyage kivuli chake mwenyewe anaposhuka. Mwambie fundi umeme aweke swichi mbili, uwashie chini na kuzimia juu.

Kama nawe una ngazi kama hii, anza Januari, wakati wa kiangazi, ili ukuta na chokaa vikauke kabla ya mvua za Machi.